Nyumba ya milioni 78, gharama za juu yake zimepita milioni 14. Kodi ya ongezeko la mtaji analipa nani?

#1 Mpangaji Sugu (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimepanga miaka 11. Mwezi wa nne nikapata nyumba Goba, Dar es Salaam, vyumba vitatu, imezungushiwa ukuta, ina hati. Muuzaji alianzia milioni 85, tukavutana tukaishia 78. Mimi nilikuwa na 81. Nikasema milioni tatu zinatosha kwa vitu vidogo vidogo, halafu nahamia na familia.

Sasa naomba mnisikilize. Dalali wa muuzaji kalipwa na muuzaji, lakini yupo wa pili aliyenipeleka, kadai 1,500,000. Mwenyekiti wa mtaa kataka asilimia kumi ya bei ili agonge muhuri, yaani 7,800,000. Nikambembeleza mpaka 400,000, risiti hakuna. Wakili 1,200,000. Mthamini 500,000. Ofisi ya ardhi nikaambiwa kiwanja kina deni la pango la ardhi (malipo ya kiwanja ya kila mwaka) la miaka minane, 610,000 pamoja na adhabu, nikalipa kwa sababu bila hiyo faili halisogei.

Ripoti ya uthamini ikatoka milioni 96! Nyumba niliyonunua 78. Ushuru wa stempu kwa hiyo unapigiwa kwenye 96, ni 960,000. Na jana kijana wa pale kwa wakili kanipigia: kuna kodi ya ongezeko la mtaji, milioni 9. Muuzaji alinunua kiwanja mwaka 2009 kwa milioni 6, mkataba anao, ila risiti za ujenzi hana. Nikampigia muuzaji, kanijibu "soma mkataba". Nimesoma. Umeandikwa: "Gharama zote za uhamisho zitakuwa juu ya mnunuzi."

Nimeshamlipa milioni 70, nimembakizia 8 mpaka hati itoke kwa jina langu. Mfukoni hata hiyo nane haijatimia.

Swali langu: hii kodi kisheria ni ya nani? Na kwa nini hakuna mtu aliyeniambia haya yote kabla sijatoa hela ya kwanza? Naomba kuwasilisha.

#2 Ngosha wa Nyegezi

Nimekaa mkao wa kujifunza. Na mimi nina kiwanja nakifukuzia Buhongwa.

#3 Dalali Mwaminifu

Mtoa mada pole, ila tuongee ukweli. Muuzaji alipokubali kushuka kutoka 85 hadi 78, alishuka akijua hiyo 78 ni ya mkononi mwake. Hii ndiyo lugha ya sokoni, muuzaji anasema "mimi nataka kadhaa mkononi". Mengine yote ni ya mnunuzi. Ungemwambia kodi ni yake asingetoka kwenye 85. Umepata punguzo la milioni saba, sasa linarudi kwa mlango wa nyuma.

#4 Wakili wa Kona

Twende taratibu.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni kodi ya mapato. Inamhusu aliyepata faida, na aliyepata faida ni muuzaji. Kwa mkaazi ni asilimia 10 ya FAIDA, siyo ya bei. Ushuru wa stempu ndio kwa kawaida unambebesha mnunuzi, kama asilimia 1 ya thamani.

Tatizo la mnunuzi ni kwamba Msajili wa Hati hawezi kukusajili bila ushahidi kuwa kodi zimelipwa. Muuzaji ameshashika hela na hana haraka, wewe ndiye unayehitaji hati. Kwa hiyo hata kama sheria inamtazama yeye, anayeumia ni wewe.

Kuhusu hicho kipengele: "gharama za uhamisho" ni maneno mapana mno. Mimi ningesimama mbele ya hakimu nikasema gharama za uhamisho ni stempu, ada za usajili, idhini, uthamini na wakili, na kwamba kodi ya mapato ya mtu mwingine haimo humo. Wakili wa upande wa pili atasimama aseme "zote" maana yake zote. Sikuhakikishii nani atashinda.

#5 Shangazi Tegeta

Huyo aliyeandika mkataba alikuwa wakili wa nani? Mtoa mada hajasema.

#6 Mpangaji Sugu

Shangazi, aliletwa na muuzaji. Mimi nikamlipa.

#7 Shangazi Tegeta

Mwanangu jamani.

#8 Karani Mstaafu

Wakili wa Kona umeeleza vizuri. Niongeze kwamba hiyo milioni 9 haijatoka hewani: 96 toa 6 unabaki na 90, asilimia kumi ni 9. Wametumia thamani ya mthamini kwa sababu ni kubwa kuliko bei ya mkataba. Hakuna njia nyingine hapo, ni kulipa tu.

#9 Wakili wa Kona

Karani, hapo kidogo nikusahihishe kwa heshima. Njia ipo. Sheria ya Kodi ya Mapato ilishafanyiwa marekebisho: mkaazi asiye na kumbukumbu za gharama alizoingia kwenye mali anaweza kulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa 96 hiyo ni 2,880,000. Kutoka milioni 9 kuja milioni 2.9 siyo jambo dogo. Mtoa mada, mwambie huyo kijana wa wakili wako akaulize dirishani kabla hujauza kitu chochote.

#10 Karani Mstaafu

Nakubali kuwa kipengele hicho kipo. Lakini soma tena #1: muuzaji anao mkataba wa kiwanja wa 2009 wa milioni 6. Hiyo ni kumbukumbu. Huyu siyo mtu asiye na kumbukumbu, ni mtu mwenye kumbukumbu nusu. Je, mwenye nusu anaingia kwenye asilimia 3?

#11 Wakili wa Kona

Mimi naona anaingia, maana gharama za ujenzi ndizo kubwa na hazina ushahidi. Nawajua wenzangu wanaoona kama wewe. Ndiyo maana nimesema aulize.

#12 Mama Tausi

Nimeuza nyumba ya marehemu mume wangu Mwanza, naomba niseme nilichokiona kwa macho.

Mume wangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga, kila risiti alitumbukiza humo. Saruji, nondo, mabati, misumari, tripu za mchanga, hata daftari la fundi lenye saini yake kila alipopokea hela. Nilipouza, wakili akaniambia lete hilo kopo. Tulikaa sebuleni siku mbili tunapanga karatasi kwa miaka, mwanangu wa mwisho anasoma tarehe, mimi naandika. Zile za zamani zilizoandikwa kwa kalamu zilisomeka zote. Risiti za mashine, hizi za EFD, nyingi zilikuwa zimefutika, karatasi nyeupe kabisa, ukiinamisha kwenye mwanga unaona kivuli cha namba tu. Zile hazikuhesabiwa. Zilizosomeka zikapunguza faida sana, na kodi niliilipa mimi muuzaji, sikumbebesha mnunuzi.

Kwa hiyo mnaojenga sasa hivi, risiti ya mashine ukiipata itoe fotokopi siku hiyo hiyo. Usisubiri.

#13 Ngosha wa Nyegezi

Mama Tausi, Mungu akubariki. Hii naenda kuifanya kesho, nina risiti za tofali kwenye droo la gari, zinapigwa na jua kila siku.

#14 Kitu Fasta

Mbona mnahangaika? Andikeni mkataba mwingine, bei milioni 40. Kodi inashuka, stempu inashuka. Watu wote wanafanya hivyo.

#15 Mzee wa Kibaha

Kitu Fasta, kijana, usimpoteze mwenzako.

Kwanza haimsaidii, mthamini ameshasema 96 na serikali inaangalia 96. Pili, kesho akitokea mtu mwenye madai kwenye hiyo nyumba, mahakama itakuuliza ulilipa ngapi, utatoa karatasi ya 40. Ile 38 utaidai kwa ushahidi gani? Tatu, siku wewe ukiuza, gharama yako ya kununulia itahesabiwa 40, faida yako inavimba na kodi inavimba. Kwa kumsaidia muuzaji leo, umejiwekea deni la baadaye. Na zaidi ya yote ni udanganyifu.

#16 Dalali Mwaminifu

Hapo namuunga mkono mzee. Mimi mteja akitaka mikataba miwili naondoka.

#17 Mwalimu Hesabu

Mimi nina mtazamo tofauti na wote. Mnagombania nani alipe kana kwamba inabadilisha kitu. Mnunuzi ana 81 jumla. Muuzaji anataka kiasi fulani mkononi. Kodi ikiwa ya muuzaji, ataipandisha kwenye bei. Ikiwa ya mnunuzi, atashusha bei. Mwisho wa siku hela inayotoka na inayoingia ni ile ile. Kilichomuumiza mtoa mada ni kuijua kodi BAADA ya kufunga bei. Angeijua kabla, angefika mezani na namba nyingine.

#18 Shangazi Tegeta

Mwalimu, hesabu yako ni ya ubaoni. Kwenye meza mtu mwenye nyumba moja na wanunuzi watano hashushi chochote. Na muuzaji aliyebanwa na ada ya shule mwezi wa kwanza anashusha mpaka huruma inakuingia. Kodi inamwangukia aliye na shida zaidi siku hiyo.

#19 Mwalimu Hesabu

Shangazi, umesema kitu.

#20 Mkaazi wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Nasoma hapa naona twateseka sawa, ila huku mambo yamepangwa kidogo.

Kenya stempu ni ya mnunuzi, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na mthamini wa serikali huja akaangalia, kwa hivyo bei ya mkataba yaweza kukataliwa vile vile kama huko kwenu. Kodi ya faida ni ya muuzaji, ilikuwa asilimia 5, tangu Januari 2023 ikawa 15. Kila upande huwa na wakili wake. Mnunuzi huweka asilimia 10 kwanza, kisha kwa kawaida kuna siku 90 za kukamilisha, na muuzaji ndiye aletaye cheti kwamba hana deni la kaunti wala la ardhi. Ikiwa ni shamba, lazima bodi ya ardhi itoe idhini.

Lakini lile la mwenyekiti kutaka asilimia kumi, hapo mmenishinda.

#21 Mpangaji Sugu

Mkaazi wa Nyali asante. Kwamba kila mtu anakuja na wakili wake, hilo limenichoma.

#22 Mjumbe wa Shina

Kuhusu asilimia kumi ya mtaa, nimewahi kukaa kwenye ofisi hizo, nitasema wazi. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa mtaa asilimia kumi ya bei ya nyumba. Ilianza kama shukrani maeneo yasiyopimwa, ambako mwenyekiti ndiye shahidi pekee anayejua mipaka, mpaka wa mwembe na mpaka wa mnazi. Ikageuka desturi, kisha ikawa kama tozo. Nyumba yenye hati kumbukumbu zake ziko ofisi ya ardhi na kwa Msajili. Muhuri wa mtaa haukupi miliki.

Kama ni mchango wa ofisi, dai risiti ya serikali yenye kontrol namba. Ukiona hela inaingia kwenye simu ya mtu, jua ni ya mtu.

#23 Dalali Mwaminifu

Mjumbe, kwa karatasi uko sahihi. Lakini siku jirani akija kubishania ukuta, wa kwanza kuitwa ni mwenyekiti. Watu wanalipia amani.

#24 Mjumbe wa Shina

Amani ya kulipia mwaka huu mwakani inalipiwa tena.

#25 Fundi Lenta

Mimi swali dogo. Kodi si inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme? Ile elfu moja ya kila mwezi. Sasa deni la miaka minane limetoka wapi?

#26 Karani Mstaafu

Fundi, hizo ni mbili. Ya LUKU ni kodi ya jengo, ilianza kukatwa hivyo 2021, na tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, siyo 1,000. Ghorofa ni zaidi. Pango la ardhi ni la kiwanja chenyewe, unalipa kwa mwaka, na halikatwi kwenye umeme. Wengi wanachanganya, wanakaa miaka wakidhani wamelipa. Ukitaka kununua, omba muuzaji akuoneshe risiti ya pango ya mwaka huu, kisha wewe mwenyewe ufanye upekuzi kwa Msajili, usisubiri faili lifike ofisini.

#27 Fundi Lenta

Sawa mkuu, nimeelewa. Ukuta wa Goba una lenta lakini, mtoa mada? Maana kule kwenye miteremko...

#28 Mpangaji Sugu

Fundi, tuache lenta kwanza, nitakuita.

#29 Binti Rehani

Mimi nilinunua kwa mkopo wa benki, Kigamboni, na gharama zangu zina sura nyingine. Nilishalipa mthamini wa kwanza, benki ikamkataa kwa sababu hayumo kwenye orodha yao, nikalipa wa pili. Ada ya kuandaa mkopo ikakatwa juu kwa juu, kwa hiyo hela iliyomfikia muuzaji ilipungua, na nikatafuta ya kujazia ndani ya wiki moja. Bima ya maisha, bima ya nyumba, ada ya kusajili rehani. Hayo hayamo kwenye tangazo, kule kuna riba tu.

Nilichojifunza ni kuomba benki iniandikie kwenye karatasi moja kila shilingi itakayokatwa mpaka siku ya mwisho. Walinipa nilipoomba mara ya tatu.

#30 Kaka wa Houston

Binti Rehani, hiyo karatasi moja ndiyo tofauti kubwa niliyoiona huku Marekani. Kwa mkopo wa nyumba, sheria inamlazimu mkopeshaji akupe jedwali la gharama zote angalau siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Kila mstari una jina na namba: bima ya hati, uthamini, usajili, kodi za kulipia mbele. Unalinganisha na makadirio uliyopewa ulipoomba mkopo, na baadhi ya namba haziruhusiwi kupanda.

Msidhani ni rahisi lakini. Gharama hizo mara nyingi ni asilimia 2 mpaka 5 ya mkopo au bei, na mimi nilikaa usiku mzima jikoni na mke wangu tunapitia kurasa tano, tukakuta tumetozwa kitu mara mbili. Tulipouliza kikafutwa. Tusingeuliza tungelipa.

#31 Mzee wa Kibaha

Kuna jambo hamjaligusa. Mtoa mada, mke wa muuzaji amesaini?

Nauliza kwa sababu 2014 nilinunua nyumba kwa mtu, kila kitu safi, hati mkononi. Tumeshamaliza, mama mmoja akaja na mtoto mgongoni, akakaa kwenye ngazi ya mbele tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hakupiga kelele. Alikuwa mke wake wa ndoa. Hakuambiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Nilichokuja kulipa kusuluhisha kilizidi stempu, wakili na mthamini vikijumlishwa. Na sikujutia kumlipa yule mama, haki ilikuwa yake.

#32 Mpangaji Sugu

Mzee, amesaini, na kidole gumba ameweka. Nilimwona kwa macho, aliuliza hata mwembe tutaukata au tutauacha. Nikamwambia tutauacha.

#33 Kitu Fasta

Basi kama hela hamna, kaa na mkataba, hati ibaki jina la muuzaji. Nyumba unayo, funguo unazo.

#34 Wakili wa Kona

Na muuzaji akifariki? Unakwenda kuongea na msimamizi wa mirathi na watoto sita ambao hawakukuona siku ya mauziano. Au akikopa kwa hati hiyo? Kwenye daftari la Msajili mwenye nyumba bado ni yeye. Ukichelewa, stempu nayo ina adhabu.

Mtoa mada, ile milioni 8 uliyoishika ndiyo nguvu yako pekee. Usiitoe hata nusu kabla hamjaandikiana upya kuhusu kodi.

#35 Dalali Mwaminifu

Na muuzaji naye akishitaki kwamba hujamaliza kulipa? Mkataba unasema 8 inalipwa lini?

#36 Mpangaji Sugu

"Baada ya hati kutoka." Nimeangalia sasa hivi.

#37 Wakili wa Kona

Hapo umesimama vizuri.

#38 Mpangaji Sugu

Wakuu, mrejesho. Leo nimekwenda na wakili mwingine, wangu mwenyewe. Tumeomba ukadirio ufanywe kwa asilimia 3, tumeambiwa muuzaji aje mwenyewe na TIN yake (namba ya mlipakodi) aandike kwamba kumbukumbu za ujenzi hana. Wamesema wataangalia huo mkataba wa 2009. Karani na Wakili wa Kona, ubishi wenu uko mezani kwa afisa sasa.

Muuzaji nimemfuata nyumbani kwa mdogo wake anakoishi. Kwanza alikuwa mkali, kisha akasema alidhani kodi hiyo ni asilimia moja, hakuijua. Namwamini, maana sura yake ilibadilika nilipomtajia milioni 9. Amekubali kwenda Alhamisi. Kuhusu nani alipe tumeishia kwamba ikitoka 2,880,000 tugawane, ikitoka 9 tukae tena chini na mke wake awepo.

#39 Shangazi Tegeta

Hiyo ya mke wake kuwepo ni nzuri. Muandikishe kabla ya Alhamisi, siyo baada.

#40 Karani Mstaafu

Na aje na kitambulisho cha NIDA halisi, siyo kivuli. Wasije wakamrudisha.

#41 Mwalimu Hesabu

Mtoa mada, ukijumlisha yote kwa asilimia 3 ni 8,050,000, kabla ya ada za usajili na idhini. Zaidi kidogo ya asilimia kumi ya bei. Mimi kuanzia leo nikimshauri mtu, namwambia atenge hiyo pembeni kabla hajaanza kutembezwa na dalali.

#42 Dalali Mwaminifu

Mwalimu, umemjumlishia na 400,000 ya mtaa na 1,500,000 yangu mimi na wenzangu. Toa hizo uone.

#43 Mwalimu Hesabu

6,150,000.

#44 Ngosha wa Nyegezi

Muuzaji wangu wa Buhongwa nimempigia nimuulize risiti ya pango la ardhi. Kasema atanirudia. Nasubiri.